Aliyetoa Figo Naye Ana Watoto

"Yule siku hizi kadeka. Katoa figo tu, basi hashiki gunia!"

Maneno hayo niliyasikia wiki hii sokoni Kibaigwa. Msemaji ni mtu mzima, bambo mkononi, anatoboa gunia la mahindi ya Kiteto aone kama yamekauka. Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu asemavyo kuwa mvua mwaka huu imechelewa. Wenzake wawili wakacheka, dalali akataja bei, biashara ikaendelea. Mimi nilikuwa nimefuata madebe yangu mawili tu ya mahindi. Nikalipa, nikaondoka, ila kauli ile imegoma kuniondoka.

Anayesemwa ni mpagazi. Jina lake nalihifadhi. Dada yake mkubwa alipatwa na maradhi ya figo baada ya kuishi miaka na shinikizo la damu ambalo dawa zake alikuwa akizimeza pale tu kichwa kinapomgonga. Wanaomlaumu kwa hilo wajipime kwanza wenyewe. Figo zilipochoka kabisa akaanza safari za Dodoma kuchuja damu: mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara amelala ubavuni mwa mashine, kisha basi la kurudi nyumbani. Anayekaa Dodoma mjini hawezi kuielewa hesabu hiyo kama anavyoielewa anayekaa kwetu. Siku tatu ni za mashine, siku tatu za uchovu wa mashine, Jumapili unakunja nguo za Jumatatu. Biashara inakufa, shamba linamea magugu.

Ndipo mdogo wake, huyu mpagazi, akasema: mimi ninazo mbili.

Sasa hapo ndipo ningependa kuisifu Kibaigwa, maana sifa tunazistahili. Kundi la WhatsApp liliundwa jioni ile ile, na kabla ya chakula cha usiku lilikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Wapagazi walikatana kwa gunia. Madalali walitoa, wenye malori walitoa, msikitini na kanisani kapu lilipita. Mama ntilie mmoja, ambaye mimi binafsi sijawahi kumwona akimkopesha mtu hata chai, aliahidi na akatimiza. Tulifanya kama tunavyofanya kwa harusi, tena bila kadi.

Na wakati wenyewe ulituruhusu kuthubutu. Zamani ukitajiwa kupandikiza figo unatajiwa India, na mtu wa wilaya yetu ya Kongwa akitajiwa India anaaga jamaa zake. Novemba 2017 Muhimbili walifanya upandikizaji wa kwanza nchini wakishirikiana na madaktari kutoka India, na Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapa hapa Dodoma, ikafuata kwa msaada wa wataalamu wa Japani. Kilichokuwa safari ya ndege sasa ni safari ya basi. Kwa watu wa barabara ya Morogoro–Dodoma hilo si jambo dogo.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Figo ya mdogo mtu ikawekwa chini ya tumbo la dada yake, upande wa nyonga, zile mbovu zikaachwa mahali pake kama ilivyo kawaida, na mkojo ukatoka. Habari ya mkojo ilipoingia kwenye kundi, watu waliandika "Alhamdulillah" na "Bwana asifiwe" mpaka simu yangu ikapata moto. Sijawahi kuona mkojo ukishangiliwa namna ile.

Dada aliporudi nyumbani, mtaa ulimpokea kwa namna ambayo ingefaa ifundishwe vyuoni. Mwenye figo ya kupandikizwa hunywa dawa za kuuzuia mwili usiikatae figo ngeni, na huzinywa maisha yake yote, kila baada ya saa 12, bila kuruka. Simu yake hulia saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Sasa mlio ule mtaa mzima unaujua, na ukichelewa kuzimwa watoto wa majirani wanapiga kelele ukutani: "Mama mkubwa, dawa!" Dawa hizo zinapunguza kinga ya mwili, kwa hiyo vumbi la mahindi yaliyoota ukungu, ambalo sisi tunalivuta na kupiga chafya, yeye linaweza kumpeleka pabaya. Wanawake wa kikoba wakakubaliana kwamba kupukuchua na kupepeta kufanyike kule nyuma, mbali na mlango wake. Jirani aliyeleta balungi alirudi nalo, kwani tunda hilo hupandisha dawa kwenye damu kupita kiasi. Mwenye mafua haingii, anasalimia akiwa uani.

Siku za kliniki ndizo hasa hunifurahisha. Damu inatakiwa ipimwe kabla ya kidonge cha asubuhi, ili ijulikane dawa iliyobaki mwilini ni kiasi gani. Basi kidonge kinafungwa kwenye leso, leso inaingia kwenye pochi, na kijana wa bodaboda anafika kabla hata majogoo hayajamaliza, amwahishe stendi. Nauli hachukui. Mara ya kwanza alipopewa alikasirika.

Hayo yote kwa dada. Je, kaka?

Kaka alitoka hospitali mapema kuliko dada, kama watoaji wengi. Alitembea kwa miguu yake, akatabasamu, akasema hajambo. Na kwa kuwa alisema hajambo, tukamwamini, tukageukia upande mwingine. Daktari alimwambia asinyanyue kitu kizito kwa wiki sita kwa uchache, na kwa kazi ya sulubu asubiri zaidi ya hapo. Kizito kwa daktari ni ndoo. Kazi ya mtu huyu ni gunia la kilo 100 begani, kupanda ubao wa lori, kushuka, kurudi kuchukua jingine. Na tarehe ya upasuaji haikuuliza msimu. Iliangukia wakati wa mavuno, malori yamepanga foleni, wakati ambao mpagazi hukusanya cha kumvusha mwaka. Januari hakuna anayepakia mahindi hapa kwetu. Aliyekosa msimu amekosa mwaka.

Kuna jambo lingine ambalo wenye kiti cha kuzunguka ofisini hawalijui. Wapagazi wetu wengi huanza siku kwa chai na kidonge cha diklofenaki kutoka duka la dawa, maana mgongo hauna siku ya kupumzika. Mtu aliyebaki na figo moja anakatazwa dawa za maumivu za jamii hiyo. Kwa hiyo hata akipona kidonda, anarudi sokoni bila lile gongo ambalo wenzake wote wanaliegemea. Halafu mwenzake anatoboa gunia kwa bambo na kusema kadeka!

Dada mtu aliliona hilo kabla yetu. Akawa anatenga chakula tulichompelekea, anakitia kwenye hotpoti, anamtuma mtoto akipeleke kwa mjomba wake. Mke wa mpagazi akakirudisha. Hotpoti ilirudi imeoshwa, imekaushwa, na ujumbe: chakula cha mgonjwa hakiliwi na wazima. Niliposimuliwa hilo nilielewa ukubwa wa fedheha tuliyoitengeneza. Tumewaweka ndugu wawili mahali ambapo mmoja hawezi kushukuru na mwingine hawezi kuomba.

Najua msomaji mmoja ameshakunja uso. Atasema: "Ndugu mwandishi, undugu ni kufaana. Huyu alimpa dada yake, hakumpa mteja. Ukianza kumlipa umeigeuza figo kuwa mahindi." Hoja hiyo naiheshimu, na hofu iliyo nyuma yake si ya kubuni. Mwaka 2025 majirani zetu Kenya walilazimika kusimamisha upandikizaji figo katika hospitali moja ya Eldoret na kuunda tume ya kuchunguza madai kwamba vijana masikini walikuwa wakiuza figo zao kwa wageni wenye fedha. Kijana anapewa fedha ya kununulia pikipiki, anarudi kijijini na kovu. Sitaki tufike huko. Mtu yeyote mwenye akili timamu hataki.

Lakini tuzungumze kwa hesabu, kwa kuwa Kibaigwa ni mji wa hesabu. Kumnunulia mtu figo ni jambo moja. Kumrudishia alichopoteza kwa kuitoa ni jambo jingine. Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake za mwaka 2010 ambazo zinapiga marufuku biashara ya viungo bila kumung'unya maneno, limesema waziwazi kwamba marufuku hiyo haizuii kumlipa mtoaji gharama halali zinazothibitika, pamoja na kipato alichokosa. Waliofikiri juu ya biashara ya figo kuliko mimi na wewe wameona mstari huo na wameuchora. Sisi ndio tunajifanya hatuuoni kwa sababu ni nafuu kutouona.

Tena mstari huo sheria yetu wenyewe inaujua, ila kwa wenye ajira. Mfanyakazi mwenye mkataba, akiugua, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, na siku 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili. Karani akimpa dada yake figo, atauguza kidonda huku mshahara ukisoma. Hakuna atakayesimama kusema karani kauza kiungo. Mpagazi akipewa unga na ada ya mtoto kwa miezi miwili mitatu, hapo ndipo tunakumbuka utakatifu wa undugu. Na bima ya afya, hata hii ya wote ambayo sheria yake ilipita bungeni 2023, kazi yake ni kulipa matibabu. Hailipi gunia ambalo halikubebwa.

"Lakini yeye mwenyewe hakuomba." Hili nalo nalisikia. Ataombaje? Aombe kwa nani, kwa mweka hazina aliyekusanya fedha kwa jina la dada yake? Akifungua mdomo leo, kesho bambo litatoboa gunia lingine na kauli nyingine itatoka.

Wapo pia wanaonong'ona kwamba mtu mwenye figo moja ni nusu mtu, na kwamba hata nguvu za kiume zimekwenda. Hao nitawajibu upesi. Figo inayobaki hutanuka na kuchukua sehemu kubwa ya kazi ya iliyoondoka, na kwa habari ya ndoa figo haihusiki. Desemba 23, 1954, mjini Boston, Marekani, kijana aitwaye Ronald Herrick alimpa pacha wake Richard figo, na huo ndio upandikizaji wa figo wa kwanza duniani uliofanikiwa. Richard aliongezewa miaka minane, akaoa muuguzi aliyemhudumia, akapata watoto. Dk Joseph Murray, aliyeongoza upasuaji ule, alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1990. Ronald, mtoaji, alifundisha hisabati na kulima, akafa Desemba 2010 akiwa na miaka 79. Alipata nafasi ya kupona kwanza, kisha akalima.

Hilo ndilo ninalolidai kwa ajili ya huyu wa kwetu. Simdai mtu huruma. Nadai kwamba siku kamati ya matibabu ya figo inapoketi, daftari liwe na kurasa mbili tangu siku ya kwanza, ukurasa wa mpokeaji na ukurasa wa mtoaji. Wa mtoaji ujazwe kwa kuuliza maswali ambayo soko hili linayajua vizuri kuliko benki: anabeba magunia mangapi kwa siku ya msimu, kwa bei gani, na hatabeba kwa siku ngapi? Zidisha. Kiasi hicho kitangazwe kwenye kundi mapema, kabla mtu hajalala kitandani, ili mke asione ni sadaka na dada asione ni deni. Nauli zake za vipimo ziingie humo, kwa sababu mtoaji hupimwa damu, mkojo, figo zote mbili na hata moyo, na kila kipimo kina basi lake. Ziingie pia nauli za kliniki ya baadaye, maana mtoaji naye anatakiwa aangaliwe shinikizo la damu na mkojo wake mwaka hadi mwaka, na asiye na nauli haendi. Akipona, wenye malori wampe kazi ya kushona magunia au kuhesabu mzigo mpaka mwili urudi. Kazi hizo zipo, na kwa sasa tunawapa wapwa zetu.

Nimekwisha kulieleza hili kwa watu watatu wa kikoba chetu. Wawili wamekubali, mmoja anasema nataka kuleta mambo ya kizungu. Kikao ni Jumapili baada ya ibada. Hoja nitaisoma mimi, na mwenye bambo nimemwalika.