Furaha Isiyomchoma Jirani

Masomo: Kutoka 22:6; Kumbukumbu la Torati 22:8



Mkesha wa mwaka mpya ni saa ya shukrani, na kushangilia si dhambi. Lakini ifikapo saa sita ya usiku ule fashifashi huruka angani, watoto hulipua fataki, na wengine hudhani kwamba kwa saa moja sheria imelala. Tulitazame jambo hili kwa nuru ya Neno.

Katika Kutoka, mtu akiwasha moto, nao ukashika miiba na kuteketeza nafaka ya jirani, hana budi kulipa. Angalieni: haulizwi kama alikusudia, linaloulizwa ni nani aliyewasha. Katika Kumbukumbu la Torati, ajengaye nyumba anaagizwa kuweka ukingo juu ya paa, asije mtu akaanguka. Ukingo huo hujengwa kabla hajaanguka mtu.

Serikali yetu nayo imejenga ukingo. Sheria ya Baruti ya mwaka 1963 inadai kibali kwa mambo ya baruti, na mwisho wa mwaka Polisi hutukumbusha kuwa kupiga fashifashi bila kibali na kuchoma matairi barabarani ni makosa. Kuomba kibali si kunyimwa furaha. Ni kukubali kuulizwa: mtapigia wapi, nani atasimamia, na jirani yenu ni nani?

Kwetu Mpanda neno fataki lina maana mbili. Dukani ni kitu cha mchezo. Machimboni ni kile kiwashio kidogo kinacholipua baruti ndani ya mwamba, nacho hukata vidole na kupofusha macho. Mtoto hajui tofauti. Basi mchimbaji aliye Mkristo asilete fataki wala tambi nyumbani, hata kwa usiku mmoja. Nanyi wazazi, wafundisheni watoto: ukiona kitu usichokijua karibu na mashimo, usikiguse, mwite mtu mzima, naye awaarifu polisi.

Hata kile kijiti cha kumetameta tunachomshikisha mtoto si kitu chepesi. Maji huchemka kwa nyuzi 100. Kijiti kile huungua kwa zaidi ya nyuzi 1,000. Tena msiwashe kitu cha namna hiyo ndani ya jengo, hata kwa kuipamba kwaya. Tarehe 27 Januari 2013, mjini Santa Maria nchini Brazil, wanamuziki waliwasha fashifashi ukumbini. Dari likashika moto, na watu 242 wakafa, wengi wao vijana.

Waliopata kibali nao washike haya. Kwanza, pawe mahali pa wazi, mbali na nyumba za nyasi na mabani ya tumbaku. Pili, awashe mtu mzima asiyekunywa pombe, na ndoo ya maji iwe karibu. Tatu, isiyolipuka isiinamiwe wala kuwashwa tena; iachwe kwa muda mrefu, kisha ilowekwe maji.

Neno moja limebaki. Katika Katumba na Mishamo wamo wazee waliokimbia Burundi mwaka 1972. Wao walipousikia mlio wa usiku haukuwa wa sherehe. Mlipuko unaokuchekesha wewe waweza kumwamsha mzee huyo akitafuta mlango wa kukimbilia. Yuko pia mgonjwa, na mama mwenye kichanga. Sheria ya nchi haiwezi kuwataja wote hao, lakini upendo wawajua kwa majina.

Kwa hiyo, mkesha ujao tuimbe kwa nguvu, tupige ngoma na vigelegele, tukamsalimie jirani mlangoni pake. Furaha ya namna hiyo haihitaji ndoo ya maji.

Bwana atuvushe salama, sisi na jirani zetu. Amina.