Mas'ala ya Taka: Je, Kisicho na Bei Hakina Haki?

Jua, ewe msomaji, ya kuwa wanachuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wamesema samadi ya ng'ombe ni najisi, wala haisihi kuuzwa. Walakin hawakusema haina manufaa, bali wamejuzisha kurutubishia mimea. Na aliye nayo wamempa ikhtisasi, hata akipewa kitu ili aondoe mkono wake, chamhalalikia. Abu Hanifa yeye amejuzisha hata kuiuza. Basi bei ni jambo moja, na manufaa ni jambo jingine.

Haya mtu wa Kashozi ayajua bila ya kufunua kitabu. Samadi ya zizini, maganda ya ndizi, majivu ya jikoni, vyote hurudi kibanjani mwake, penye mashina ya migomba. Nchi ya Buhaya ina mvua nyingi, na mvua huosha rutuba ya udongo. Lau si taka hizo, migomba isingalidumu mahali pamoja tangu enzi za mababu. Huko mlaji ndiye mzoaji, na mzoaji ndiye mwenye shamba.

Mjini watu hao watatu wametengana. Kampala hula ndizi kama Kashozi, na ganda ni lile lile, illa halina kibanja cha kurudia. Hutiwa pamoja na chupa na mifuko, likapelekwa jaani. Jaa la Kiteezi likawa kilima, na tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, likaporomokea nyumba za watu, wakafa zaidi ya 30. Wala hapana aliyetupa ganda kwa nia ya kuua.

Huenda mtu akasema: "Maskini huokota humo riziki yake, basi kuchanganya kuna dhara gani?" Jawabu: kuokota kilichoachwa na mwenyewe ni halali, hilo halina shaka. Lakini chupa safi hupimwa mizanini ikalipwa. Iliyopakaa uozo hupunguzwa bei au hukataliwa. Aliyeona uzito kuweka kapu la pili amekula ujira wa mwenziwe, naye hana habari.

Tanzania imekataza mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu 1 Juni 2019, na imefanya vyema. Walakin amri hiyo haitengi ganda na chupa, hiyo ni kazi ya nyumba. Ama vigae vya kioo, kuvitia ndani ya maganda hali yajulikana kuwa mkono wa mtu utapita humo, si jambo la kuitwa makuruhu tu. Mwenye kuviacha ameacha milki yake. Dhima ya jeraha hakuiacha.