Nyumba Nzuri za Bagamoyo

Jumamosi moja baada ya Pasaka sisi wazee wa mtaa tulikodi Coaster pale Msamvu, tukaenda Bagamoyo na kurudi siku hiyo hiyo. Siku hizi safari ni nyepesi: Chalinze, Msata, kisha lami tupu hadi daraja la Ruvu na kuingia mjini.

Tulizunguka Mji Mkongwe hadi jua la utosi. Tuliona Boma la Wajerumani la mwaka 1897, na mnara wa kanisa ulipolazwa mwili wa Livingstone mwaka 1874. Lakini kilichotuvutia hasa ni nyumba za mawe za wafanyabiashara wa zamani, na milango yake. Kila mmoja alitaka apigwe picha mbele ya mlango wenye nakshi, nasi tukapigwa. Ndipo mzee mwenzetu mmoja, seremala, akaupapasa ule mlango akasema, "Kazi safi hii. Lakini mbao zililipwa na nani?"

Tulinyamaza. Jibu tulilijua: pembe za ndovu, na watu.

Je, ni halali kufurahia uzuri ulionunuliwa kwa machozi? Garini tulibishana sana. Mmoja alisema nyumba hizo ziachwe zianguke. Mwingine alijibu kwamba mawe hayana dhambi. Sisi tulimkumbuka nabii Yeremia, sura ya 22. Hakumkemea mfalme Yehoyakimu kwa kuwa nyumba yake ya mierezi ilikuwa mbaya, bali kwa kuwa walioijenga hawakulipwa ujira. Tena yupo Sewa Haji, aliyetajirika kwa kuihudumia misafara ya bara, kisha akatoa mali yake kujenga shule Bagamoyo na hospitali Dar es Salaam. Jina lake liko Muhimbili hadi leo, na wengi wetu tumeuguza ndugu zetu katika wodi hiyo bila kuuliza fedha zilitoka wapi.

Tuliotoka chuo cha ualimu tukaingia darasani tulizoea kufundisha habari hizi kama dhambi ya wageni. Ni kweli, lakini si yote. Kisabengo, aliyeuanzisha mji wetu chini ya Uluguru, naye aliteka watu. Stanley alipopita hapa mwaka 1871 alistaajabia kuta za mawe na malango yenye nakshi. Hata sisi tulikuwa na milango yetu.

Utumwa ulifutwa kwa sheria Tanganyika mwaka 1922. Hata hivyo, miaka michache iliyopita kijana na binti wa mtaa huu walitaka kuoana. Siku ya posa mzee mmoja alinong'ona kwamba bibi wa mama yake kijana alinunuliwa kwa watu wa misafara. Na kwa Waluguru tunaohesabu ukoo kwa mama, maana yake kijana hana kwao. Sisi tulikuwa tumeketi kwenye mkeka ule ule, tumefundisha historia miaka zaidi ya thelathini, na hatukufungua kinywa. Posa ikarudishwa. Binti ameolewa kwingine.

Tulipoteremka Msamvu usiku ule, kijana yule ndiye aliyekuja kutupokea mizigo. Akatuuliza, "Shikamoo, Mwalimu. Bagamoyo kukoje?" Tukamwonyesha picha ya mlango.