Jezi Moja Ivuke Mto

Vijana wa Lubunga, nanyi wa Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo na komuni ya Kisangani, sikilizeni habari ya mwanamume anayeitwa An Yong-hak. Alizaliwa Kurashiki, nchini Japani, mwaka 1978. Alisoma Japani, akakulia mpira Japani, na klabu yake ya kwanza ya kulipwa ilikuwa ya Japani, Albirex Niigata. Lakini Kombe la Dunia lilipochezwa Afrika Kusini mwaka 2010, alishuka uwanjani na jezi ya Korea Kaskazini, akakabiliana na Brazili. Walifungwa 2–1, na dunia nzima ikawapigia makofi. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kucheza ligi ya Korea Kusini, Busan na kisha Suwon. Mtu wa namna hii ukimwuliza yeye ni wa wapi, jiandae kukaa naye hadi jioni.

An ni mmoja wa Wakorea wa Japani. Japani iliitwaa Korea mwaka 1910, na hadi vita vilipokwisha mwaka 1945 Wakorea wapatao milioni 2 walikuwa wamevuka bahari, wengine wakitafuta riziki, wengine wakipelekwa kwa nguvu kwenye migodi na viwanda. Wengi walirudi kwao. Waliobaki walikuwa mamia kwa maelfu, na mwaka 1952 wakavuliwa uraia wa Japani. Ukalala una nchi, ukaamka huna. Na huko walikotoka, nchi ilikuwa imekatwa vipande viwili vilivyopigana vita vya miaka mitatu. Ugomvi ule ukawafuata hadi vichochoroni mwa Osaka na Tokyo: chama cha Mindan kikasimama na Kusini, chama cha Chongryon kikasimama na Kaskazini. Watu wa asili moja, chakula kimoja, mtaa mmoja, wakawa na ofisi mbili, sherehe mbili, na vinyongo vya kutosha kurithisha watoto.

Mpira walikuwa nao. Mwaka 1961 waliunda timu yao. Mashindano rasmi yalikuwa yamefungwa kwao kwa sababu ya uraia, basi wakacheza mechi za kirafiki na timu kubwa za Japani na kuzitia jasho. Shule zao za sekondari nazo zilikaa nje ya mashindano ya shirikisho la michezo ya shule hadi mwaka 1994. Fikirini kijana anayefanya mazoezi kila siku akijua kwamba kombe lenyewe hataruhusiwa hata kuligombea, na kesho yake anarudi mazoezini vilevile. Kutoka katika jamii hiyohiyo walitoka vijana waliochukua njia tofauti kabisa. Jong Tae-se, mzaliwa wa Nagoya, alilia machozi wimbo wa taifa wa Korea Kaskazini ulipopigwa kule Afrika Kusini. Lee Tadanari alichukua uraia wa Japani, na mwaka 2011 akaifungia Japani bao pekee la fainali ya Kombe la Asia dhidi ya Australia. Kila mmoja alichagua jezi yake, na kila mmoja alisemwa. Hakuna jezi ambayo mtoto wa wahamiaji ataivaa asisemwe.

Sasa njooni kwenye sehemu iliyonifanya niandike. Mwaka 2018 Wakorea hao walipeleka London timu iliyoitwa Wakorea Walioungana wa Japani. Yalikuwa mashindano ya CONIFA, chama kilichoanzishwa mwaka 2013 kwa ajili ya jamii na maeneo yasiyo na nafasi katika FIFA. Timu zilikuwa 16. Kocha wa Wakorea alikuwa An Yong-hak, na alikuwa mchezaji pia, akielekea miaka 40. Angalieni hilo neno lililo kwenye jina la timu: walioungana. Hawakusema Wakorea wa Kaskazini walioko Japani, wala wa Kusini. Mabwana wakubwa wa Pyongyang na Seoul walikuwa ndiyo kwanza wamepeana mikono mpakani mwezi Aprili mwaka huo, nao hawajaacha kuzozana hadi leo. Vijana wa Kikorea wa Japani hawakungoja wakubwa wamalize.

Je, walitwaa kombe? Wapi! Hawakuvuka hata kundi lao. Kombe lilikwenda kwa Kárpátalja, Wahungaria wa Ukraine, kwa mikwaju ya penalti.

Wenyeji wa mashindano yale ni watu tunaopaswa kuwajua sisi wasemaji wa Kiswahili. Walikuwa Barawa. Barawa ni mji wa pwani ya kusini ya Somalia, wenye lahaja yake ya Kiswahili, Chimiini. Vita vya mwaka 1991 viliwatawanya watu wake: wengi walikimbilia Mombasa, na kutoka huko wengine wakafika Uingereza na Marekani. Walipofika London hawakuwa na uwanja wala serikali ya kuwalipia. Lakini walikuwa na vijana, wakaunda timu ya watu wa Barawa na wa kusini mwa Somalia walioko Uingereza, na miaka michache baadaye wakawa wenyeji wa timu 16 kutoka pembe zote za dunia. Mechi ya kwanza waliifunga Tamil Eelam 4–0. Kwenye robo fainali Kupro ya Kaskazini ikawapiga 8–0.

Najua kuna atakayecheka hizo nane. Mwacheni acheke. Wakongo tunajua kufungwa mabao mengi mbele ya dunia: Ujerumani mwaka 1974, Yugoslavia 9, sisi hatuna kitu. Na bado Zaire ile, ndiyo Kongo yetu ya siku hizo, ndiyo timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia, na miezi michache kabla yake ilikuwa imetwaa Kombe la Afrika. Wakimbizi wa Darfur walioko kambi za Chad waliunda timu yao mwaka 2012 na kwenye mechi yao ya kwanza wakafungwa 15. Hawakuvunja timu. Mashindano waliyokuwa wakicheza hayajaisha, mmoja wao akapata bao, bao moja tu, na wakalishangilia kama kombe. Anayeogopa kufungwa hatoki nyumbani, na anayekaa nyumbani, Kisangani ya leo ina mengi mabaya ya kumfundisha.

Mashindano ya London yalianza Mei 31 na kwisha Juni 9. Watu wa Boyoma, yaani Kisangani yetu, tarehe hizo zinawagusa. Juni 5 hadi 10 mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana hapa mjini kwetu kwa siku sita, na raia walikufa kwa mamia katika vita visivyokuwa vyao. Waliokuwa watoto siku zile leo wana watoto. Halafu mwaka 2023 moto mwingine ukawaka Lubunga, upande wa pili wa mto, na safari hii hatukuweza kumsingizia jirani wa ng'ambo ya mpaka. Mbole na Lengola, watu walioshirikiana soko, shule, kanisa na ndoa, waligombania ardhi hadi mapanga yakatoka. Mamia walikufa. Maelfu walivuka mto kwa mitumbwi na kuja kulala upande huu, shuleni na kwenye kambi.

Hapa ndipo ninapotaka kuwasukuma. Undeni timu. Undeni timu ya Lubunga yenye vijana wa Mbole na vijana wa Lengola ndani ya jezi moja.

Sisemi timu ya Mbole dhidi ya timu ya Lengola. Mechi ya namna hiyo kwa sasa itahitaji polisi wengi kuliko watazamaji, na rafu moja mbaya itaturudisha kulekule. Timu ya kabila ina heshima yake mahali ambapo kabila ni dogo, limefukuzwa kwao na linataka kuonekana. Ndivyo ilivyo kwa Barawa kule London. Kwetu, makabila yanaonekana mno. Kilichopotea ni mahali ambapo mtu wa upande huu anamtegemea mtu wa upande ule kwa jambo la kweli, la dakika 90. Beki wa kushoto asipokaba, kipa anafungwa, na kipa hawezi kuanza kumwuliza ukoo wake. Wakorea wa Japani walilielewa hilo. Walikuwa na sababu nyingi kuliko zetu za kuwa na timu mbili.

Mzee mmoja atasema: ardhi haigawanywi kwa mpira. Kweli, baba. Ardhi itaamuliwa na wakubwa wa ardhi, mahakama na serikali, na tuwasumbue wafanye kazi hiyo. Lakini siku watakapoamua, nani atakuwepo kulinda uamuzi usichomwe moto usiku? Vijana. Ndio waliobeba mapanga, na ndio watakaokataa kuyabeba tena. Heri wawe wanajuana kwa majina, kwa pasi na kwa matani ya mazoezini kuliko wajuane kwa uvumi wa simu.

Mtaniambia hakuna pesa. Anzeni na likelemba, ile michango ya zamu. Mama zenu wamelisha familia, wamefungua vibanda na kulipa ada za shule kwa likelemba, bila benki, bila mfadhili. Wachezaji 20 wakiweka kidogo kila juma, mpira utanunuliwa, kisha wavu, kisha jezi. Matabeleland ya Zimbabwe, iliyocheza London pamoja na hao Wakorea, ilichangisha nauli yake kwa watu wa kawaida. Mtaona pia kwamba gharama kubwa kwenu ni kuvuka mto, basi nauli ya mtumbwi iwe ya kwanza kwenye daftari, kabla ya jezi. Mwendesha toleka, teksi ya baiskeli, akijitolea kumbeba kipa hadi gatini, mwandikeni naye kama mwanachama, maana amechangia.

Mchagueni mtunza fedha ambaye pande zote mbili zinamwamini, na nashauri awe mama. Mwamuzi atoke kwa Lokele, Topoke au Wagenia, mtu asiye na shamba katika ugomvi. Nahodha mmoja, msaidizi kutoka upande wa pili, na wabadilishane kila msimu bila kura wala kelele. Mchezaji akitamka tusi la kabila mazoezini, akae nje mechi mbili, hata kama ndiye mfungaji wenu bora. Hasa kama ndiye mfungaji wenu bora.

Na mheshimiwa akija na mipira kumi na picha yake kifuani? Mshukuruni, pokeeni mipira, picha yake irudi naye. Sina ugomvi na wanasiasa wanaopenda mpira, ila nimeona jinsi mapenzi yao yanavyokauka siku ya pili baada ya uchaguzi. Timu iliyonunuliwa na mtu huuzwa na mtu.

Yaya zetu na dada zetu wasiachwe wakichota maji ya wachezaji. Wasichana waliovuka mto mwaka 2023 na vifurushi kichwani walitembea kwa miguu zaidi kuliko winga yeyote. Wakitaka timu yao, uwanja ni wao pia, na siku zao ziandikwe kwenye ratiba mapema, si baada ya wanaume kuchoka.

Mji huu hauna upungufu wa mpira. TS Malekesa, AS Nika na AS Makiso ni majina ya hapa, na kila mtoto wa Boyoma anajua njia ya kwenda uwanja wa Lumumba. Waliowahi kuvaa jezi za klabu hizo na sasa wamekaa vibarazani wakilalamikia makocha wa leo, nawaomba kwa heshima: inukeni, wazee wetu. Lubunga inahitaji makocha zaidi ya wachambuzi. Jumamosi moja kwa mwezi inatosha kwa kuanzia.

Kijana unayesoma haya, usingoje tangazo. Kama wewe ni Mmbole, yupo Mlengola uliyesoma naye darasa moja kabla ya vita. Kama wewe ni Mlengola, yupo Mmbole mliyekuwa mkigawana kwanga na mpira wa makaratasi. Namba yake ya simu bado unayo, au unamjua anayeijua. Mpigie juma hili, mwambie unatafuta beki, na mkubaliane siku ya mazoezi ya kwanza.