Gari Linamisi na Abiria Wamo

Wanaouliza swali hili huwa wameshashika ufunguo. Fundi amehisi valvu, gari bado linatembea, je, waendelee nalo? Mara nyingi jibu wanalo. Wanachotafuta ni mtu wa kugawana naye lawama likiharibika jambo. Juzi aliyenijia nalo ni shemeji yangu. Ana gari la viti saba, ana harusi Iringa, na viti vyote vimeshapata wenyewe, wakiwemo mashangazi wawili na mama mwenye mtoto wa kupakata.

Gari lake asubuhi linatetemeka likiwa limesimama. Linamisi. Likikutana na mlima linakosa nguvu, na taa ya injini inawaka, inazima, inawaka tena. Fundi alibadilisha plagi, akabadilisha koili, tatizo likabaki palepale. Mashine ya kupimia ikasoma P0303, yaani silinda namba tatu haichomi sawasawa. "Bosi, hapa nahisi valvu," fundi akasema. "Tufungue hedi, au utembee nalo mdogo mdogo." Shemeji alisikia nusu ya pili tu.

Injini nyingi za silinda nne za siku hizi zina valvu 16: kila silinda ina mbili za kuingiza na mbili za kutoa moshi. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, jambo la kawaida barabara kuu, kila valvu inafunguka na kujifunga mara 25 katika sekunde moja. Ile ya kutolea moshi inaoga moto muda wote, chuma chake kikifika nyuzijoto 700 na zaidi, na inapoa hasa katika ule muda mfupi inapokuwa imekaa barabara juu ya kiti chake. Hapo joto linahamia kwenye hedi, kisha kwenye maji ya rejeta. Isipokaa vizuri, labda kwa sababu ya masizi au nafasi yake imebana, gesi ya moto inapenya pembeni na kuunguza ukingo. Ukingo ukishaungua, mwanya unapanuka. Mwanya ukipanuka, gesi nyingi zaidi inapita. Hakuna oili wala dawa ya chupa inayorudisha chuma kilichokwisha kuliwa.

Lakini si kila anayeambiwa "valvu" amefikiwa na hayo. Moshi wa bluu unaotoka asubuhi kisha ukapotea mara nyingi ni sili za valvu zilizochoka. Mtu anaweza kuendesha muda mrefu tu, mradi achungulie kijiti cha oili na kuongeza inapopungua. Tapeti zinazogonga tik-tik zinaudhi masikio, na nyingi zinataka kurekebishwa nafasi tu. Jambo ambalo wenye magari hawalipendi ni kwamba katika injini nyingi za kurekebishwa kwa mkono, valvu ya kuogopwa zaidi ni iliyonyamaza. Nafasi yake imekwisha, haigongi tena, na haifungi sawasawa. Mwenyewe anafurahi kuwa kelele imepona.

Ndiyo maana neno "nahisi" la fundi halitoshi, liwe la kukutisha au la kukutuliza. Kuna kipimo cha kompresheni. Geji inafungwa mahali pa plagi, injini inazungushwa, namba inasomwa, na silinda nne zinalinganishwa. Ikionekana moja iko chini, fundi anatia oili kidogo ndani yake na kupima upya. Namba ikipanda, mshukiwa ni ringi za pistoni. Ikibaki chini, macho yanageukia valvu, au gasketi ya hedi. Fundi mwenye kompresa anaweza kusukuma upepo kwenye silinda iliyofungwa na kusikiliza unapotokea: ukilia kwenye eksozi, valvu ya kutolea haifungi, ukilia upande wa kuingizia hewa, ni mwenzake, ukitoka kwenye tundu la oili, ni ringi. Yote hayo yanafanyika kabla ya kufungua hedi, kwa sehemu ndogo sana ya gharama ya kuifungua.

Na bado watu wanakwepa. Zamani nilidhani wanakwepa gharama, lakini nimeona wenye fedha zao wakiikimbia geji, na sasa naamini wanachokimbia ni ile namba. Kabla ya kupima, gari likifia njiani ni bahati mbaya. Baada ya kupima, ulijua. Shaka ina starehe yake, maana inamwacha mtu aendelee na mambo yake huku dhamiri ikiwa safi kiasi.

Dereva wa teksi anayedaiwa hesabu kila jioni simweki kundi hili. Akiegesha gari siku tatu, nyumbani kwake hakupikwi. Huyo sina ubavu wa kumhubiria. Nitamuuliza mwenye gari, anayepokea hesabu hiyo na kuambiwa gari linamisi, kisha akajibu kwamba gari ni la biashara, lipambane.

Shemeji nilimwambia apande basi, na alikasirika. Barabara ya kwenda Iringa inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, mahali ambapo hutamani kusimama usiku na mtoto, boneti ikiwa wazi. Mbele yake kuna mlima Kitonga, kona juu ya kona, malori yakipanda kwa kutambaa. Mtu anayelipita lori pale anategemea nguvu ambayo silinda ya tatu imeshakataa kuitoa. Isitoshe, ukingo uliodhoofika unaweza kumeguka, na kichwa cha valvu kikikatika kinaangukia juu ya pistoni iliyo kwenye mwendo. Hapo mazungumzo ya hedi yamekwisha, yanaanza ya kutafuta injini nyingine, pamoja na safari ya kubadilisha kadi, kwa kuwa namba ya injini imeandikwa humo. Lakini hilo ni la mfuko wake. Mashangazi hawakuambiwa kitu. Waliambiwa saa ya kuondoka.

Valvu zimewahi kulindwa kwa gharama ya watu wasiokuwemo garini. Kwa miongo mingi petroli ilitiwa risasi ili injini zisigonge, na risasi hiyo ikawa pia inaacha utando uliokinga viti vya valvu. Mwezi Juni 2001 nchi za Kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar kuiondoa, na kufikia mwanzo wa 2006 zilikuwa zimeachana nayo. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari, Julai 2021. Mjadala ulipopamba moto, wenye magari ya zamani walilalamika kwamba valvu zao zitakwisha. Kwa baadhi ya injini za zamani hofu hiyo ilikuwa na msingi. Upande wa pili wa mizani walikuwapo watoto wa kandokando ya barabara, wengi wao kutoka nyumba zisizo na gari, waliokuwa wakivuta sumu inayodhuru ubongo.

Mbali na kufungua hedi au kutembea nalo mdogo mdogo, kuna njia ya tatu, inayosemwa kwa kunong'ona: liuze. Tia oili nzito lipunguze kelele na moshi, zima taa kwa mashine, lipashe moto kabla mnunuzi hajafika. Wanaofanya hivi si wahuni wa kutisha, ni watu wa kawaida wanaosali na kufunga. Waislamu wengi tumefundishwa madrasa kisa cha muuza nafaka pale sokoni Madina, Mtume alipoingiza mkono ndani ya lundo na vidole vikakuta umajimaji uliofichwa chini ya nafaka kavu. Muuzaji alisingizia mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka juu, watu wakaiona. Sioni tofauti kubwa kati ya lundo lile na boneti. Gari bovu linauzika. Mwambie mtu silinda ipi, mpe namba ya geji, punguza bei.

Kwa ambaye hajapima na lazima alifikishe gereji, aende peke yake, asilizungushe sana injini, aepuke milima na mizigo. Taa ya injini ikianza kuwaka na kuzima kwa kupepesa huku gari linatikisika, asimame aite gari la kuvuta, maana petroli isiyoungua inaingia kwenye eksozi na kuyaunguza masega yanayosafisha moshi, na masega mapya yanaweza kumgharimu kuliko valvu yenyewe.