Leba

Nilikuwa najenga vyumba viwili Makanyagio, hapa Mpanda, siku neno moja liliponijia mara mbili. Asubuhi fundi alinipokea saiti na malalamiko: "Bosi, tofali zipo, saruji ipo, tatizo ni leba." Alitaka hela ya saidia fundi wawili, wale vijana wa kukoroga udongo na kubeba ndoo. Jioni kaka yangu akapiga simu: "Shemeji yako kaingia leba."

Waingereza wametumia neno hilo kwa karne nyingi, kwa jasho la kibarua na kwa uchungu wa mzazi. Sisi tumelipokea mara mbili na kuliweka katika nyumba mbili zisizotembeleana. Leba ya saiti ni hela, unaweza kuibishania. Leba ya hospitali ni chumba tu, chenye mlango ambao wanaume tunaishia nje yake.

Nilikaa kwenye benchi usiku ule na kaka. Wasichana waliopitishwa mbele yetu walikuwa wadogo, na hilo si ajabu kwa mkoa wetu: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta Katavi inaongoza nchini, asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wakiwa wameshazaa au ni wajawazito. Wengi wao, nadhani, hawajawahi kulipwa mshahara hata mara moja.

Wakati wa kuandikishwa shemeji alikuwa ameulizwa kazi yake. "Sina," akajibu. Nesi akaandika mama wa nyumbani, akaendelea na swali lililofuata. Kaka alikuwa amesimama pale, nami pia, na hakuna aliyeona kasoro.

Kasoro niliiona baadaye, kwenye benchi, nilipoanza kuhesabu. Msimu ule shemeji alimwagilia kitalu cha tumbaku, akahamishia miche shambani, akapalilia, akachuma majani, akayafunga kwenye vijiti. Usiku alichochea moto wa bani akiwa na mimba kubwa, maana moto ukizimika majani yanaharibika. Kaka naye alifanya kazi, simsingizii. Ila kwenye daftari la chama cha msingi jina ni lake peke yake, na malipo yanafuata jina.

Si kwamba hatujaambiwa. Azimio la Arusha, mwaka 1967, lilisema wazi kuwa wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko mtu yeyote nchini, na likawasema wanaume wa vijijini kwamba nusu ya maisha yao wako likizo. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Shemeji angemwomba nani siku hizo? Mumewe? Kabla mtoto hajatimiza miezi miwili alikuwa mgongoni, shambani.

Rafiki yangu mwalimu hapendi hoja hii. Anasema ukiita kuzaa kazi umeshakipa bei, kesho mtu atadai risiti. Namwelewa, na sitaki bei hiyo mimi pia. Lakini ananipa jibu la swali ambalo sikuuliza. Sijui kama uchungu wa kuzaa ni kazi. Waingereza waliotumia neno moja hawakuwalipa mama zao zaidi ya tulivyowalipa wetu. Ninachouliza ni kwa nini mwanamke mwenye mikono iliyopakaa utomvu wa tumbaku aseme hana kazi, na sisi wawili tuliokula hela ya tumbaku hiyo tunyamaze. Vyumba vyangu vilianza kwa mkopo wa kaka. Kwa hiyo leba yake ilikuwa kwenye msingi wangu kabla fundi hajataja leba ya vijana wake.

Mwezi wa tatu nilimpeleka kliniki kupima mtoto uzito. Nesi alikuwa mwingine, swali likawa lilelile.

"Mkulima wa tumbaku," shemeji akasema.

"Shamba lako?"

Akanigeukia, kana kwamba mimi ndiye niliyeulizwa.