Nuru na Asili Yake

Dari nyingi za Mji Mkongwe wa Unguja hushikwa na boriti za mikoko zilizovushwa kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji. Aliyenunua boriti aliuona mti uliokatwa, aliugusa, akauhesabu. Leo chini ya boriti hizo huwaka taa, nayo ina nasaba na mto ule ule. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kutoa umeme mwaka 2024, na nguvu yake huchanganyika na ile ya gesi katika gridi ambayo hufika Fumba kwa waya uliolazwa baharini. Jahazi lilikuwa shahidi mwaminifu kuliko waya. Anayewasha taa haoni msitu uliofyekwa katika lililokuwa Pori la Akiba la Selous, wala mkulima wa bondeni ambaye riziki yake hufuata mafuriko.

Je, ana lawama? Husemwa kuwa hana, kwani hakuchagua: Unguja muuzaji wa umeme ni mmoja. Hoja hii ina uzito. Waya ulipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa gizani hadi Machi 2010, pampu za maji zikasimama. Nani angethubutu kuwahubiria watu wale uzuri wa giza? Lakini asiye na hiari ya kununua angali na hiari ya kuuliza, tena kwa haki ya mlipaji: maji kiasi gani huachwa yateremke hadi kwenye mikoko, na nani huyapima?